Niache ajira niwe dalali wa nyumba na viwanja, na watoto bado wadogo?

Swali: Shikamoo mama. Ninaishi Sakina, Arusha. Nina umri wa miaka 36 na watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la nne katika shule ya binafsi, na mdogo ndiyo kwanza ameanza darasa la awali. Kwa miaka tisa nimekuwa katika kampuni ya utalii, nikipokea maombi ya wageni na kuwapangia safari. Mume wangu ni dereva wa watalii wa kuitwa kazi inapopatikana, kwa hiyo msimu ukichanganya hukaa porini siku kumi hadi kumi na nne, na msimu ukilala hukaa nyumbani bila kipato. Mwaka jana niliwatafutia nyumba wafanyakazi wenzangu wawili, na dalali niliyeshirikiana naye alinigawia shilingi 150,000 kwa nyumba ya kwanza na 200,000 kwa ya pili. Tangu hapo sipati usingizi. Mshahara wangu ni shilingi 750,000, natoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeingia, na mtoto wangu mdogo siku hizi humwita dada wa kazi “mama”. Naona udalali wa nyumba na viwanja utanipa fedha zaidi pamoja na muda wa kuwalea wanangu. Tena ofisini kwetu hawakosekani wageni wanaoniuliza kuhusu kununua kiwanja chenye kuutazama Mlima Meru. Mume wangu anasema niache kazi Januari. Mama yangu mzazi anasema nimerogwa. Nifanye nini? — Mama wa wawili, Sakina.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umetaja fedha na umetaja muda, nami nitaanza na muda, kwa sababu hapo ndipo hesabu yako imepinda zaidi. Mpangaji mwenye ajira huenda kuangalia nyumba baada ya saa kumi na moja jioni, na mnunuzi wa kiwanja huja Jumamosi, au Jumapili baada ya ibada, akiwa na mkewe na shemeji anayejifanya fundi. Saa hizo ndizo ambazo watoto wako wako nyumbani. Utakachokipata ni asubuhi: utampeleka mdogo shuleni mwenyewe, utahudhuria vikao vya wazazi, utakwenda kliniki bila kumwomba mtu ruhusa, na hilo si jambo dogo kwa mama ambaye mwanawe amekosea kumwita mtu mama. Lakini jioni na mwisho wa juma hazitakuwa zako. Nilipoanza kazi hii Moshi mwaka 1998 nilikuwa na mtoto mgongoni, na wateja walimzoea kiasi kwamba nisipokuja naye waliuliza yuko wapi. Alipofika darasa la pili ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimeketi naye mezani Jumapili hata moja kwa muda wa miezi mingi. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza kama unaweza kuuza nyumba, kaeni wewe na mumeo mjibizane kwa majina, si kwa matumaini, ni nani atakayekuwa na watoto Jumamosi ya mwezi wa saba, wakati yeye yuko Serengeti na wewe unamzungusha mteja Moshono.

Sasa fedha. Zile 150,000 na 200,000 zilikuwa tamu kwa sababu ziliujia mshahara uliokuwa umekwisha kulipa ada na kodi. Ziondolee mshahara huo uone zinavyobadilika. Kwa desturi ya huku, mpangaji humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi dalali mwenye mteja hugawana nusu kwa nusu na dalali anayeijua nyumba. Nyumba ya 250,000 itakuachia 125,000, kabla ya bodaboda na vocha. Ili kuufikia mshahara unaotaka kuuacha utahitaji nyumba sita kila mwezi, bila kukosa, na kila mmoja anayekuahidi “nitakupigia kesho” awe mkweli. Viwanja vinalipa zaidi kwa mkupuo, ila mkupuo huo unaweza kukawia miezi minne, na muuzaji aliyekuahidi asilimia tano kwa mdomo akishaziona fedha husahau hata jina lako. Andikishianeni kamisheni kabla hujampeleka mnunuzi. Na ukishaiandika, achana na kile wenzetu wanachokiita cha juu, yaani mwenye mali ametaka milioni 10 nawe unamtajia mnunuzi milioni 12 kimyakimya. Siku watakapokutana kwenye chai ya harusi na kulinganisha bei, utakuwa umewapoteza wote wawili na jamaa zao.

Kuhusu wale wageni wa ofisini, lifunge faili hilo leo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, katika kifungu cha 20, haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na njia hiyo hupitia mamlaka za uwekezaji, haipitii kwa dada mkarimu wa mapokezi. Utawasikia wakisema kiwanja kiandikwe kwa jina la rafiki Mtanzania. Rafiki huyo watataka awe wewe. Usikubali, kwa sababu siku urafiki utakapochacha, jina lililo kwenye karatasi za mauziano litakuwa lako na fedha zitakuwa za mgeni, nawe utaulizwa maswali ambayo mama wa watoto wawili hapaswi kuulizwa. Mgeni anayetaka kupanga ni mteja halali kabisa, ila mweleze mwenye nyumba wa Njiro aliyezoea kutaja kodi kwa dola kwamba kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutaja bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Wapo wenye nyumba waliokuwa wakitegemea wapangaji wa aina hiyo tangu zama za Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, na mahakama ile ilipofungwa Desemba 2015 walijifunza upesi kwamba mwalimu na nesi nao ni wapangaji.

Jambo la karatasi nitalikalia kidogo, kwa sababu ndilo lililonigharimu mimi mwenyewe. Mwaka 2009 niliuza kwa niaba ya bwana mmoja eneo lenye nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa Arusha. Mauziano yaliandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wakatia sahihi, kila mtu akachukua chake, nami chote nikakipeleka kwenye ada. Baada ya wiki sita mke wa yule bwana alirudi kutoka kumuuguza mama yake na kuwakuta mafundi wa mtu mwingine wakibomoa jiko lake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimpi mwanandoa mmoja ruhusa ya kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mimi nilikuwa nimeuliza habari za mipaka na maji, sikuuliza habari za mke. Shauri lilikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nikawa shahidi kwa karibu miaka miwili, na kamisheni nikairudisha kidogokidogo kwa mnunuzi, ingawa hakuna aliyeniamuru. Tangu hapo siendi kuonyesha mahali ambapo sijaonana na wote wawili, na pakiwa pamerithiwa, ambapo sijaona barua za mahakama za msimamizi wa mirathi. Pakiwa pana hati, nafanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla mnunuzi hajatoa hata shilingi, ili nijue kama jina ni la muuzaji na kama benki haijaweka rehani. Pasipokuwa na hati, nawauliza majirani wa pande zote nne, tena siku mbili tofauti, kwa maana jirani wa kwanza huenda amekwisha ahidiwa soda.

Ndipo nifike kwenye ushauri wenyewe: usiache kazi Januari. Sheria inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28, nawe iombe iangukie Aprili. Utalii wetu huwa umelala wakati huo, hivyo mwajiri hatakunyima kwa urahisi, na mumeo atakuwepo nyumbani. Ni majira ya masika, na masika haimfichi mtu chochote: utaona barabara za Muriet zinapogeuka tope, utakiona kiwanja ambacho Desemba kilikuwa tambarare ya kupendeza kikiwa bwawa, na utajua ni madalali wangapi hubaki kazini mvua ikinyesha. Siku hizo 28 zifanye kazi hii kana kwamba mshahara haupo. Kila jioni andika kwenye daftari umetumia kiasi gani, umeingiza kiasi gani, na watoto wamelala saa ngapi bila wewe. Najua likizo ni ya kupumzika na kwamba nakunyang'anya mapumziko yako, lakini heri uchoke mwezi mmoja ukiwa na kazi ya kurudia.

Kisha ukubali kwamba huenda si udalali wa viwanja unaokufaa. Wewe kwa miaka tisa umejibu barua za watu walio mbali, umetunza tarehe, na umewatuliza wenye hasira. Hiyo ni kazi ya msimamizi wa nyumba. Wako Watanzania wengi wanaoishi Dar es Salaam, Dodoma au ng'ambo ambao wamejenga Arusha na nyumba zao zinasimamiwa na binamu asiyepokea simu. Anahitajika mtu wa kukusanya kodi, kumwita fundi bomba, kuandika mkataba, na kutuma hesabu kila mwezi pamoja na picha. Hata jambo dogo kama kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia umeme wa LUKU, kwa hiyo mpangaji huilipa na kumdai mwenye nyumba, linataka mtu wa kulifuatilia. Ukisimamia nyumba kumi za kodi ya 300,000 kwa asilimia nane, una 240,000 za uhakika mwezi baada ya mwezi, na nyingi ya kazi hiyo hufanyika asubuhi. Unaweza kuanza na nyumba mbili ukiwa bado kazini. Na nyumba ikibaki tupu, udalali wake ni wako.

Tena unayo sifa ambayo vijana wa kijiweni hawana: unajua mzazi anauliza nini. Ataanza na maji, na kwa haki, kwa sababu visima vingi vya ukanda huu wa Meru vina floraidi ya kutosha kuyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kisha atauliza shule, barabara ya kupita basi la shule, na kama baa iko ukuta kwa ukuta. Uyajue majibu kabla hajauliza. Usimwahidi, hata hivyo, kwamba bei itapanda maradufu kwa sababu ya uwanja wa mpira wa Olmoti na AFCON ya 2027, hata kama muuzaji anakusukuma useme hivyo. Huyajui hayo, na yeye hayajui.

Utakapoamua kuondoka, notisi ya mwajiriwa wa mshahara wa mwezi ni siku 28. Anayejiuzulu kwa hiari yake halipwi fao la kukosa ajira, ila unaweza kuendelea kuchangia NSSF kwa hiari. Linalonitia hofu zaidi ni bima ya afya, maana kwa ajira ya mumeo ilivyo, bila shaka watoto wanatibiwa kwa kadi yako. Bei ya kadi mbadala na ada ya mwaka mzima ya mkubwa ziwe zimekaa pembeni kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Mama yako mwambie hujarogwa. Kisha mwombe, kwa adabu, awe anakuja Jumamosi.

Swali: Mimi ni baba wa watoto watatu, mwalimu ninayekaribia kustaafu, naishi Rau, Moshi. Vijana wa ukoo huko Kibosho wananiomba niwe dalali wa vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo, kwa kuwa nafahamiana na watu wengi mjini. Je, ninahitaji kusomea kazi hii? — Baba, Rau.

Jibu: Mwalimu, kwa udalali wenyewe jipatie TIN, yaani namba ya mlipakodi, jina la biashara lililosajiliwa BRELA na leseni ya halmashauri, na usijiite mthamini, yaani mkadiriaji wa thamani ya mali, kwa sababu Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inataka mthamini awe amesajiliwa. Lakini vihamba usivianze. Hiyo ni ardhi ya kijiji, iliyo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na kuihamishia kwa mtu kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Juu ya hapo kuna ndugu walioko mbali, kuna dada ambao hawakuulizwa, na kuna makaburi kati ya migomba. Vijana wanaokuomba wewe wanakuomba kwa sababu wazee wamekwisha wakatalia. Ukitaka kazi baada ya kustaafu, anza na nyumba za kupanga za Soweto na Majengo, na vijana wa Kibosho warudishe kwa baba zao wadogo wakazungumze huko kwanza.