Malisho ya wanyamapori bila kukatua ardhi: maswali yenu kuhusu udongo na mimea funika

Barua nyingi zilizonifikia safari hii, kutoka kwenu mnaopanda mashamba ya kulisha kulungu na ndege wa porini, zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ukishaliacha jembe, ni nani anayefanya kazi ya jembe? Ni mizizi, kuvu, bakteria na nyungunyungu. Hao nao wanataka kula kila siku, hata msimu ambao kulungu na ndege hawana haja na shamba lako. Majibu yote yaliyo hapa chini yanatoka kwenye hoja hiyo.

Niliacha kukatua misimu miwili iliyopita. Udongo umekuwa mgumu kuliko awali na mbegu zinaota kwa kubahatisha. Nirudie plau?

Usirudi kwanza. Plau hulainisha udongo kwa kuupuliza hewa. Hewa hiyo huwaamsha bakteria, wakala mboji iliyokuwapo na kuachia virutubisho, na mimea ya mwaka huo ikapendeza. Kilicholiwa ni akiba. Mvua ikinyesha juu ya udongo uliosagwa, chembe ndogo huziba vitundu na juu hubaki gamba. Ukiacha plau, ule ulaini wa hewa hupotea mara moja, lakini gundi ya mizizi na kuvu inayoshika chembe za udongo pamoja haijajengeka bado. Katikati ya hali hizo mbili pana misimu kadhaa ya tabu, na wewe umo humo sasa.

Nikuulize: malisho yalipokwisha, nini kilibaki juu ya ardhi? Kama jibu ni "hakuna", umefanya nusu ya kazi. Kuacha kukatua huku udongo uko uchi kunaweza kuleta matokeo mabaya kuliko plau yenyewe, maana udongo hauna kinachoulegeza wala kinachoulinda. Panda kitu mara tu kingine kinapoisha, na mabaki yasitoke shambani.

Fanya pia jaribio hili siku ambayo udongo una unyevu: chukua fimbo ya chuma nyembamba uisukume ardhini kwa mkono sehemu kumi tofauti. Ikikwama kila mahali kwenye kina kilekile, tuseme sentimita 15 hadi 20, hilo ni tabaka lililoshindiliwa na plau ya miaka mingi. Mizizi itahangaika muda mrefu kulipenya. Hapo, na hapo tu, naunga mkono kulipasua mara moja kwa chombo chenye meno marefu kisichopindua udongo, wakati chini pamekauka vya kutosha kuvunjika. Siku hiyohiyo panda mchanganyiko wa mimea yenye mizizi minene inayochimba, kama figili, na yenye mizizi myembamba mingi, kama nafaka, ili nyufa zijae mizizi kabla hazijafunga tena.

Wala hujabuni wazimu mpya. Vumbi lililofunika nyanda za Marekani katika miaka ya 1930 ndilo lililomsaidia mtaalamu wa udongo Hugh Hammond Bennett kulishawishi bunge la nchi hiyo kupitisha sheria ya hifadhi ya udongo mwaka 1935. Mkulima Harry Young alipanda shamba la biashara bila kukatua huko Kentucky mwaka 1962, na mkulima mwenzake Herbert Bartz akaanza Paraná, Brazil, mwaka 1972, baada ya kuchoka kuona mvua ikibeba udongo wake. Hao walivuna mazao yanayoondoka shambani. Wewe unalisha wanyama palepale, na sehemu ya wanachokula hurudi kama mbolea. Una nafasi nzuri kuliko wao.

Shikamoo mwalimu. Nafaka ya rai imenifika kifuani. Niilaze lini? Na mbegu za msimu unaofuata nizimwage kabla au baada ya kuilaza?

Marahaba, mwanangu. Mambo mengi ya kilimo hiki yamo ndani ya swali lako, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Rai ni mmea funika: nafaka ya jamii ya ngano inayopandwa ifunike ardhi, kisha ikalazwa ife na kubaki matandazo. Iliyolazwa ikiwa bado changa huinuka. Mwaka mmoja nililaza kama siku kumi mapema kwa sababu nilikuwa na safari. Niliporudi nikaikuta imesimama, imepinda shingo, na mbegu nilizomwaga chini yake zimenyong'onyea kivulini. Mmea huu hukubali kufa kwa kulazwa ukishaanza kuchanua. Shika suke, likung'ute juu ya kiganja. Ukiona vumbi la chavua, muda umefika. Siku chache baadaye minya punje: ikitoa majimaji meupe kama maziwa, bado uko ndani ya muda, na huu ndio wakati ninaoupenda zaidi. Punje ikishakuwa kama donge la unga, fanya haraka, kwa sababu baada ya hapo mbegu zitakomaa na kuota zenyewe. Kwenye shamba la chakula cha watu hilo ni balaa. Kwenye malisho ya wanyama ni usumbufu tu, na ndege watakushukuru.

Rola yenye meno butu ndiyo chombo chenyewe. Kazi yake ni kuponda shina mahali kadhaa bila kulikata. Shina lililopondwa hukauka likiwa limeshikwa na mzizi wake, hulala upande mmoja, na hudumu wiki nyingi. Lililofyekwa hukatika vipande, hurundikana hapa na kuacha wazi pale, kisha huoza upesi. Kama huna rola na kishamba ni kidogo, funga kamba kwenye ncha mbili za ubao mzito, uinue kwa kamba, uushushe, uukanyage, usogee hatua moja. Ni kazi ya jasho lakini inafanya kazi, ilmradi ufike kwenye hatua ya maziwa.

Mbegu zimwage kabla, rai ikiwa imesimama. Zitapenya katikati ya mashina hadi ardhini, halafu rola itazikandamiza na kuzifunika kwa pamoja. Ukimwaga baada, nyingi zitaning'inia juu ya matandazo na kufa kiu. Subiri dalili ya mvua. Bila unyevu wa siku chache mfululizo njia hii haina msaada. Mbegu ndogo, kama klova (mmea mfupi wa jamii ya kunde), figili, mtama na bakwiti (mmea wa majani mapana unaozaa punje), hufaulu vizuri kwa kumwagwa. Mahindi na maharage makubwa yanataka kugusana na udongo pande zote, kwa hiyo kama huna mashine ya kupandia, ongeza kiasi cha mbegu au chagua zao jingine. Mimi huchagua zao jingine.

Kwa kiasi cha rai yenyewe, kilo 60 hadi 110 kwa hekta zinatosha. Ukizidisha, matandazo yatakuwa mazito hadi klova ishindwe kujipenyeza.

Nilifanya kama unavyoelekeza, lakini mtama ulioota kwenye mabaki ya rai ni wa manjano. Udongo umeishiwa?

Haujaishiwa, umekopesha. Vijidudu vya udongo hustawi kwenye chakula chenye takriban sehemu 24 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Mabua ya rai iliyokomaa yana kama 80 kwa moja. Ili wayameng'enye, wanachukua naitrojeni iliyo karibu, na mtama wako mchanga unakaa njaa. Wao wakifa naitrojeni hurudi, lakini mtama hauwezi kungoja.

Dawa ya msimu ujao ni kuchanganya rai na jamii ya kunde. Vechi, kwa mfano, ina kama 11 kwa moja, na ikioza pamoja na rai uwiano unakaribia pale vijidudu wanapopataka. Au fuatisha rai kwa zao la jamii ya kunde linalojitengenezea naitrojeni lenyewe kwenye vinundu vya mizizi. Kumbuka kupaka mbegu bakteria wanaofaa aina hiyo, hasa kama zao hilo halijawahi kupandwa hapo. Bakteria wa klova hawamsaidii soya.

Kwa msimu huu, mbolea kidogo ya naitrojeni itaokoa mtama. Ila urea ikitupwa juu ya mabaki wakati wa joto na unyevu mdogo hugeuka amonia na kupaa. Iweke mvua ya kweli ikiwa mlangoni, mvua ya kuipeleka chini ya matandazo.

Vipimo vinasema udongo una asidi. Chokaa itaingiaje bila kuchanganywa?

Polepole. Chokaa iliyomwagwa juu hushuka kwa sentimita chache tu katika miaka ya mwanzo, kwa kasi zaidi kwenye udongo wa kichanga kuliko mfinyanzi. Kwa hiyo usimwage shehena yote siku moja. Gawa kwa misimu miwili au mitatu, na nunua iliyosagwa laini sana kwa kuwa chembe kubwa hukaa miaka bila kuyeyuka. Pima udongo kwa vina viwili, sentimita 0 hadi 5 na 5 hadi 15, la sivyo utapata wastani unaokudanganya.

Klova hutaka pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) ya 6 hadi 7. Chini ya 5.5 aluminiamu iliyo kwenye udongo huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, na hapo mbegu ya bei ghali ni hasara. Kama pH yako iko chini hivyo na hujaanza kabisa mfumo huu, changanya chokaa kwa kukatua mara moja ya mwisho, kisha uanze. Sioni aibu kulisema hilo.

Klova yangu imevamiwa na magugu. Nifyeke, ninyunyize dawa, au niache?

Kwanza tazama ni magugu gani, kisha tazama kama yameng'atwa. Mimea mingi ya majani mapana inayoota yenyewe huliwa na wanyama sawa na ile uliyonunua, na maua yake hulisha wadudu ambao nao hulisha vifaranga. Kifaranga wa kware akitoka yaini hutegemea wadudu kuliko mbegu. Shamba lenye klova na majani machache ya porini kwa jicho langu ni shamba zima.

Adui wa kweli ni nyasi za kudumu zinazotambaa kwa mashina ya chini ya ardhi. Hizo hazifi kwa rola wala kwa kufyeka. Ni bora kuzimaliza kabla ya kuacha plau, ukipanda mimea ya kivuli kizito kama bakwiti misimu miwili mfululizo. Bakwiti huanza kuchanua ndani ya wiki nne hadi sita na hulala kirahisi. Ilaze kabla punje hazijakauka. Dawa ya kuua magugu niitumie? Mahali nyasi zimeshika kabisa, mara moja, kwa kufuata maelekezo ya kibandiko, naam. Kila msimu kama desturi, hapana.

Ukifyeka, fyekea juu, sentimita 15 au zaidi, na usifyeke kabisa wakati wa kutaga na kuzaa. Mtoto wa kulungu katika wiki zake za mwanzo hujilaza kimya kwenye majani. Hakimbii hata mashine ikimkaribia. Ndege aliyelalia mayai naye hungoja hadi dakika ya mwisho. Magugu yanaweza kusubiri mwezi mmoja.

Wanyama wanamaliza kila kitu kabla hakijafunika ardhi.

Kishamba ni kidogo kwa idadi ya walaji, au umepanda kinachopendwa mno peke yake. Weka kizimba cha waya chenye upana wa kama mita moja ndani ya shamba. Baada ya mwezi linganisha ndani na nje: kama ndani pia pamedumaa, tatizo ni udongo, kama ndani pamestawi na nje pamefyekwa, tatizo ni midomo. Changanya nafaka zinazovumilia kung'atwa, na tanipu na figili zisipandwe peke yake mwaka baada ya mwaka. Hazishirikiani na kuvu wa mizizi, majani yake huoza upesi sana na ardhi hubaki wazi.

Konokono wasio na gamba wanakula miche chini ya matandazo.

Panda udongo ukiwa umeshapata joto ili mche uwakimbie kwa kukua, na usinyunyize dawa ya wadudu ovyo: mbawakawa wa ardhini wanaowala konokono hao ndio hufa kwanza.

Nitajuaje kwamba udongo unaboreka, bila kupeleka sampuli maabara kila mwaka?

Chukua bomba fupi lenye kipenyo cha sentimita 15, liingize ardhini kiasi, mimina maji mililita 440, ambayo ni sawa na mvua ya milimita 25, na uhesabu dakika mpaka yaishe. Mimina mara ya pili. Ya pili ndiyo inayosema kweli, kwa kuwa ya kwanza hutegemea ukavu wa siku hiyo. Fanya hivyo pia pembeni, chini ya uzio au ukingoni mwa msitu ambapo jembe halijawahi kufika, ili ujue udongo wako uwezo wake ni upi. Kisha chukua bonge kavu la udongo kutoka kila upande, uyatumbukize kwenye glasi za maji na ungoje dakika tano. Lile la ukingoni litabaki bonge. Andika tarehe, dakika, na hali ya lile la shambani, urudie mwakani majira yaleyale.