Ripoti ya kosa la kumbukumbu inajirudia bila kikomo kwenye ARM64

Swali: Habari mtaalamu. Naandika kerneli ndogo ya ARM64, na nimewasha ukaguzi wa kumbukumbu kwa lebo: kompaila inachomeka agizo la BRK (mtego unaoisimamisha prosesa na kuita kerneli) litakalotekelezwa lebo ya pointa isipolingana na ya kumbukumbu. Kosa la kwanza linaripotiwa vizuri, kisha ripoti ileile inajirudia bila kikomo. Nikiifanya kerneli isimame papo hapo, inakufa kabla hata haijamaliza kuwaka. Nifanyeje?

Jibu: Hayo ni matatizo mawili, na la kwanza ni jepesi. BRK inapotekelezwa kwenye ARM64, anwani ya kurudia inayohifadhiwa ni ya BRK yenyewe, si ya agizo linalofuata. Ukirudi bila kuigusa, prosesa inaikanyaga BRK ileile tena. Ongeza 4 kwenye PC (anwani ya agizo) iliyohifadhiwa kabla ya kurudi, kwa kuwa kila agizo lina baiti 4. Waliozoea INT3, agizo la mtego la prosesa za x86, hunaswa sana hapa, maana kule PC huwa imeshavuka.

Kabla ya kuvuka, isome namba iliyo ndani ya BRK. Prosesa inakuwekea kwenye biti 16 za chini za ESR, rejista inayoeleza sababu ya mtego. Za ukaguzi huu huanzia 0x900, na biti 8 za chini ndizo zenye habari. Tuseme umekuta 0x933. Ile 0x20 inasema inaruhusiwa kuendelea, 0x10 inasema ni uandishi, na 3 ya mwisho ni kipeo cha 2, yaani ukubwa ni baiti 8. Ingekuwa 0x922, ungekuwa usomaji wa baiti 4. Anwani yenye kosa iko kwenye rejista x0, lebo ikiwa bado kwenye baiti ya juu kabisa. Rudisha baiti hiyo kuwa 0xFF kabla ya kukokotoa kivuli chake, ambacho ni baiti 1 ya lebo kwa kila baiti 16 za kumbukumbu.

Sasa hili la kufa mapema. Nashuku kigawa kumbukumbu chako. Kinapogusa taarifa zake ndani ya kipande kilichokwisha kuachiliwa, lebo hazilingani na BRK inalipuka, ingawa kigawa kina haki ya kufika hapo. Kompaila haijui hilo. Linux nayo hukutana na jambo hili katika KASAN, mfumo wake wa kukagua makosa ya kumbukumbu: kila kazi ina kihesabu, kasan_depth, kinachonyamazisha ripoti kwa muda, lakini mtego wenyewe hufyatuka vilevile. Ndiyo maana huko hawawezi kuua kerneli kwa kila mtego. Weka kihesabu kama hicho. Kikiwa kimewashwa, vuka BRK kimyakimya. Biti ya 0x20 isipokuwepo, hapo simamisha bila mjadala.

Usisahau kwamba BRK hutangulia ule usomaji au uandishi wenyewe. Ukivuka, uandishi mbovu unafanyika kweli, kwa hiyo ripoti zinazofuata huenda zikawa uchafu wa ile ya kwanza. Mimi ningeamini ya kwanza tu na kuzima zilizobaki. Linux nayo kwa kawaida huchapa moja, hadi uwashe chaguo la kasan_multi_shot.

Na msimbo unaoandika ripoti ukompailiwe bila ukaguzi huu, la sivyo utanaswa ndani ya mtego wako mwenyewe hadi steki iishe.