Manesi na ule umbali unaokua kati yetu na mgonjwa bila sisi kustuka

Mtu akilazwa au akimuuguza ndugu yake wodini anatoka na stori ile ile, manesi siku hizi hawana moyo, mgonjwa anaomba maji nesi anapita tu, mgonjwa analala kwenye shuka lililolowa mpaka ndugu zake waje. Mi ni nesi na sibishi kwamba yanatokea, yanatokea sana. Ila hiyo ya roho mbaya siikubali, manake nimefanya kazi na watu wenye huruma kweli kweli, watu wa kujifungia chooni kulia mgonjwa wao akifariki, na hao hao ukiwauliza yule mgonjwa wako wa kona alisafishwa mdomo lini mara ya mwisho, kimya.

Tatizo ni kwamba wodini kuna kazi zinazoacha alama na kazi zisizoacha. Dawa ya saa 12 usipompa mgonjwa, kwenye chati panabaki wazi, zamu inayokuja itaona, inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi, ataona, daktari kwenye raundi atauliza. Dripu ikiisha kila mtu anaona. Sasa mdomo wa mgonjwa ukikauka mpaka ulimi unanata kwenye kaakaa, unaandikwa wapi? Hakuna. Na nesi mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono yake hakai chini akaamua leo simgeuzi mzee yule, hapana, anakimbilia kwanza yale atakayoulizwa, mengine anasema ntayarudia, mara ripoti, mara zamu imeisha, kesho hivyo hivyo, na baada ya muda hata ile "ntarudia" haimjii tena kichwani.

Mwaka 2006 mtafiti mmoja wa uuguzi wa Marekani, Beatrice Kalisch, alichapisha kazi aliyofanya ya kukaa na manesi kwenye vikundi na kuwauliza wazi wazi ni huduma gani zinarukwa wodini. Wakataja wenyewe, kumtembeza mgonjwa, kumgeuza, kumlisha kwa wakati, usafi wa mwili, kumfariji, kumwelekeza kabla hajaruhusiwa, na mengine. Ukiiangalia hiyo orodha ni ule ule uuguzi tuliofundishwa kabla hatujaruhusiwa kushika sindano.

Uchache wa watu ni sababu ya kweli na asije mtu akakwambia ni kisingizio. Linda Aiken na wenzake mwaka 2002 walitoa utafiti wa hospitali za Pennsylvania, wakakuta kila nesi anapoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa kama asilimia 7. Kwa hiyo wanaosema manesi wajitume tu waongeze upendo, hapana bana, ongezeni na watu.

Lakini hapa wenzangu watanichukia kidogo. Nimeona pia zamu za usiku zilizotulia, wagonjwa wachache, hakuna dharura, manesi wamekaa mezani kila mmoja na simu yake, na mgonjwa wa kitanda cha mwisho amelala ubavu ule ule tangu jioni. Yaani umbali ukishakuwa mazoea, wagonjwa wakipungua bado haimrudishi nesi kitandani. Kwa hiyo kuna kitu kingine.

Kitu hicho mi naona ni woga, na aliyekieleza vizuri ni mtaalamu wa saikolojia anaitwa Isabel Menzies, aliyeandika mwaka 1960 kuhusu manesi wa hospitali moja ya London. Aligundua kazi ilikuwa imekatwa vipande vipande, huyu presha kwa wodi nzima, huyu sindano kwa wodi nzima, mpaka hakuna nesi aliyekaa na mtu mmoja muda wa kutosha kumjua, na wagonjwa waliitwa kwa namba ya kitanda au kwa ugonjwa. Hoja yake ni kwamba mpangilio ule uliwakinga manesi na maumivu ya kuwa karibu na watu wanaoteseka. Sasa sikiliza ripoti yoyote ya kupokezana zamu leo, "kitanda cha saba yule wa sukari yuko stebo, kitanda cha nane yule wa stroku hana shida", stebo ni kwamba hali yake imetulia, stroku ni kiharusi. Ana shida sana, ila ukishamwita stroku humwoni mtu anayeona aibu kujikojolea. Na ukimuosha mtu mwili mzima lazima mtaongea, atakwambia ana watoto wangapi, ataanza kukuita mwanangu, wiki ijayo akiondoka itakuuma. Monita, ile mashine ya kufuatilia mapigo na presha, haikuiti mwanangu. Kwa hiyo unajikuta unaipenda monita.

Halafu kuna cheo. Ukisoma zaidi unasogezwa mbali na mwili wa mgonjwa, kuogesha kunashushwa kwa wanafunzi, kisha kwa wahudumu, kisha kwa ndugu, na nesi mwenye digrii akionekana amebeba beseni watu wanamwonea huruma. Hii ndo inanikera kuliko zote. Virginia Henderson, nesi wa Marekani ambaye mpaka leo anafundishwa vyuoni dunia nzima, aliweka mahitaji ya msingi 14, kupumua, kula na kunywa, kutoa haja, kulala, kuvaa, usafi wa mwili na kuendelea, na kwake kazi ya nesi ni kumfanyia mtu yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi. Hakuweka beseni chini ya chati.

Na kuogesha ni kipimo, watu hawajui tu. Nilikuwa namwosha mzee mmoja mgongo, kila kitu kwenye chati yake kiko sawa, presha nzuri, joto la kawaida. Nimefika chini pale kwenye mfupa wa juu ya matako nikahisi joto kwenye vidole kupitia glavu, pamekuwa pagumu kidogo kuliko pembeni, rangi imekoza tu kwa mbali. Kwa ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu, utangoja sana, gusa, linganisha na ngozi ya jirani, joto, ugumu, rangi iliyobadilika, muulize kama panauma. Hapo ndo kidonda cha kulalia kinaanza, na hapo bado unaweza kukizuia kwa kumgeuza na kumwondolea uzito. Af huyo huyo mzee nikampa kitambaa ajifute uso, akakiweka mdomoni akaanza kukitafuna. Jana yake alikuwa ananitania. Nikamwita daktari, manake mtu mzima kuchanganyikiwa ghafla hivyo mara nyingi kuna kitu nyuma yake, maambukizi, dawa, maji kupungua mwilini. Mashine ilikuwa haijasema chochote.

Sasa unarudije kitandani na wagonjwa hawajapungua. Mi nimeacha kutafuta muda wa pembeni, haupo. Kazi ya kuandikwa naifanya nikiwa namgusa mtu, nikienda kutoa dawa naangalia mdomo wake, akinywa naona anameza vipi, nikisogeza dripu natazama visigino, nikipima presha namuuliza choo alipata lini. Kwenye ripoti pia nalazimisha, zamu inayoondoka ikisema yuko stebo nauliza amekunywa kiasi gani, amekojoa, amegeuzwa saa ngapi, mdomo ukoje. Mwanzoni watu walinung'unika, siku hizi wengine wanakuja na majibu kabla sijauliza.

Kikombe. Angalia kikombe cha maji kiko wapi kabla hujaondoka, manake mara nyingi kiko kwenye kikabati nyuma ya kichwa, au upande ule ambao mkono haufanyi kazi, halafu jioni tunaandika mgonjwa hanywi vizuri.

Acha kusema "narudi sasa hivi" kama hurudi. Mgonjwa anayebanwa haja anahesabu kila dakika, bora umwambie bibi, nipe dakika kumi namalizia dawa hii, au umwite mwenzako pale pale. Na usiharakishe kumwekea mpira wa mkojo au pampasi kwa sababu tu ni rahisi kwako, mpira unaleta maambukizi ya mkojo, na mtu aliyekuwa anaweza kwenda chooni kwa kushikwa mkono ukimzoesha pampasi atasahau kutembea. Mdomo nao usiuchukulie kama urembo, uchafu wa mdomoni ukishuka kwenye mapafu ya mtu aliyelala chali unaweza kuleta nimonia.

Ukimwachia mhudumu kazi ya kuogesha, sawa, ila rudi umuulize ameona nini. Wahudumu wanajua mengi kuliko chati, shida hakuna anayewauliza, na wao wamezoea kuonekana hawana la kusema. Ndugu nao wakimlisha mgonjwa, waonyeshe kwanza namna ya kumkalisha wima, manake kulishwa umelala ni kupaliwa, na wala hawakumtakia mabaya, hakuna aliyewaambia.

Mainchaji, nanyi mnachouliza kwenye raundi ndicho kinachofanyika. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Robert Francis, ya 2013, kuhusu hospitali ya Mid Staffordshire Uingereza inasikitisha kusoma, uongozi umekazana na bajeti na malengo, huku wagonjwa wengine wako kwenye mashuka machafu na maji hawayafikii. Ukipita kitandani ukauliza tu faili limejazwa, utapata mafaili yaliyojazwa.

Swali naloulizwa sana na wanafunzi ni mgonjwa anayekataa kuoshwa, hasa mzee wa kiume na wewe binti mdogo. Usimlazimishe, na usiandike "amekataa" ukapita. Muulize, baba, ungependa nani akusaidie, na saa ngapi? Kama hakuna mwingine, vuta pazia, mfunike, mpe kitambaa chenye sabuni ajioshe mwenyewe sehemu za siri, wewe geuka ila usitoke, endelea kupiga naye stori, manake wengi huteleza wakijaribu kuinuka wenyewe. Mgongo atakuachia.