Tableti ya wino wa kielektroniki au laputopu?

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kutumia laputopu darasani ununue tableti ya wino wa kielektroniki. Kama masomo yako yana milinganyo na michoro mingi, nunua. Kioo chake kina chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa na umeme, na zikishatulia hazili chaji mpaka uandike au ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana betri hukaa siku nyingi.

Faida kubwa zaidi ni kuandika kwa mkono wako, kwa kalamu juu ya kioo. Mwaka 2014 watafiti Mueller na Oppenheimer, huko Marekani, waliona kwamba wanafunzi waliochapa kwa laputopu walinakili maneno ya mwalimu kama yalivyo, na walioandika kwa kalamu walijibu vizuri zaidi maswali ya kuelewa. Majaribio ya baadaye hayakuleta matokeo yaleyale kila mara, lakini mimi naliamini hilo kwa upande wa michoro.

Video sahau. Kabla hujalipa, omba kuandika mistari mitatu upesi upesi. Ukiona wino unachelewa nyuma ya ncha ya kalamu, iache. Tena uliza kama noti zako za darasani unaweza kuzitoa kama faili za PDF bila ada ya kila mwezi.