Bapeti wa klabu ya planshi za tanga, Ziwa Kivu, someni hii kabla ya kugusa tanga

Jumamosi nilikuwa nimekaa juu ya lava pale pembeni ya depo ya planshi, zile mbao za kusimamia zenye tanga, nangojea chai, naangalia bapya bane banafunga matanga. Wa kwanza kasahau pezi, planshi iko tayari ndani ya maji inazunguka tu. Wa pili wishiboni, ule mpini wa kushikia tanga, kaifunga chini ya tumbo halafu analalamika mugongo. Wa tatu kaingia na jile, jaketi ya kuokoa, wazi ju eti zipu inaharibu picha. Wa nne njo alinimaliza, kaniuliza, "Yaya, upepo unaanza saa ngapi?" utasema anaulizia boti ya Bukavu.

Nikacheka, halafu nikakasirika, halafu nikakumbuka hata sisi hakuna aliyetufundisha, tulijifunza kwa kugonga magoti ku mawe. Basi naandika. Kuinua tanga na kugeuza sitaeleza, hayo munaonyeshwa kila juma na hamusikilizi. Naandika yale munayoharibu kabla hata ya kulowa.

1. Upepo hauna saa ila una tabia. Asubuhi maji yamelala, ukifika saa mbili utakaa mpaka uchoke. Jua likishapasha nchi kavu, na nchi kavu ya Goma yenyewe ni mawe meusi ya volkano yanashika moto haraka, hewa inapanda na ile ya ziwani inakuja kuchukua nafasi yake, njo maana kuanzia saa tano, saa sita, upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Jioni kunapoa, unageuka. Ule wa muchana hata ukishindwa kila kitu utakuleta nyumbani, ule wa jioni unakutoa nyumbani na hauagi. Kwa hiyo baada ya saa kumi na moja mutu asianze, hata kama kumebaki "kamoja tu ka mwisho". Kila shida niliyoiona ilianza na kale kamoja ka mwisho.

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa kusini una ziwa karibu kilomita 90 la kukusanyia mawimbi, na pa kuyamwagia ni hapa kwetu, juu ya mawe. Muzuri kwa benye kujua, bapya mubaki upande wa ndani. Wakati wa mvua angalieni milima: kukiwa kweusi kule juu na upepo ukate ghafla, toka majini usiulize swali.

2. Ukubwa wa tanga. Tuko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, basi upepo wa kasi ileile unakusukuma kidogo kuliko kule. Ukisoma ku intaneti kwamba mutu wa kilo zako anachukua tanga ya mita 5.5, wewe chukua ya 6 na kitu. Halafu maji yetu hayana chumvi, hayakubebi vile bahari inabeba. Kuna kijana alikuja toka Mombasa, alifundishwa kule vizuri kabisa, na planshi yake ndogo ya kisasa, miwani, krimu nyeupe ku pua. Akapanda, akavuta kamba, na planshi ikaanza kushuka pole pole mpaka maji yakamufika magoti, yeye bado ameshika tanga vizuri anaangalia mbele. Batoto bote ba pale bakapiga makofi. Bapya, planshi ni zile za litre 200, zile munaita "meza". Kaeni ku meza.

3. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Planshi inafungwa na mpira, siyo kamba, na pezi linatolewa. Lipa mutu wa chukudu kabla hajaanza kupandisha, siyo akifika.

4. Jile inavaliwa na inafungwa. Tangu ile boti ya Oktoba 2024 izame ikiwa karibu kabisa kufika porti ya Kituku, batu banaona toka nchi kavu, kuhusu jile sina mchezo na sitaki kusikia kwamba unajua kuogelea.

5. Mupaka. Ziwa lina mustari usioonekana, na Gisenyi ya Rwanda iko pale pale inakuchekea na hoteli zake. Tafuta alama mbili za nchi kavu, ukiona zimepangana geuza, hata kama unaenda vizuri kuliko siku zote za maisha yako. Kuna mwenzetu mumoja upepo ulimupeleka, akatokea ng'ambo miguu chini, kaptula, hana kitambulisho, anaeleza kwamba ameingia inchi ya batu juu ya ubao. Balimupa chai na taulo. Lakini karatasi za kumurudisha zilikula siku nzima, na planshi ilirudi nyuma yake sana.

6. Esansi (petroli) ya boti ya kuokoa. Hapa mukae chini.

Ilikuwa ni safari ya Tchegera, kile kisiwa cha mwezi nusu, ni mudomo wa volkano ya zamani uliobaki juu ya maji. Muko munajua vile kuko: ndani ya ule mviringo kumetulia, muchanga mweusi, bapya banasimama ku planshi banajiona mabingwa, halafu banatoka ku mulango na upepo wenyewe unabangoja nje. Mimi njo nilikuwa shefu wa boti. Kazi ya shefu wa boti ni kubaki karibu na boti, tanki imejaa, bidoni moja ya akiba, na kutofanya kitu kingine chochote. Ni kazi ya kuchosha na njo maana inapewa mutu anayeaminiwa.

Asubuhi simu inalia, binamu za fulani bamechelewa, bako ku porti Goma, yaya tuchukue. Nikaenda. Kurudi, makala ya kuchomea imesahaulika. Nikaenda. Kurudi, bafle za muziki. Sasa safari bila ambiansi ni safari gani? Nikaenda. Nitasema ukweli wote: mu boti kulikuwa mutu niliyetaka anione nimeshika moteri na miwani myeusi, jina siandiki, leo ni mama ya batoto ba mutu mwingine. Kila nikifika banapiga kelele "Shefu! Shefu!" na mimi nazungusha boti mara moja zaidi mbele ya batu ndipo naegesha. Ile mizunguko pia inakula esansi, ju munaulizaga.

Kuelekea saa tisa, jenereta ya bafle ikakauka. Mutu akaniuliza, shefu, ile bidoni ya akiba tunaweza? Nikasema muweke. Kwa mudomo wangu. Hata sikusimama, nilikuwa na sambaza, bale samaki badogo, mu mukono.

Saa kumi na moja imepita, firimbi. Mupya mumoja yuko nje ya mulango, tanga limeanguka, amekaa ku planshi anapandisha na kushusha mikono yote miwili pande mbili vile tunafundisha. Nikaruka mu boti, nikavuta kamba, moteri ikawaka, nikaenda mbio, bote banaangalia. Katikati moteri ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza. Nikavuta kamba mpaka kiganja kikatoka ngozi. Mu boti kulikuwa kasia moja, ile nyingine ilikuwa imeshikilia turubai la jikoni.

Upepo ulikuwa umeshageuka, unatusukuma bote, yeye upande wake na mimi wangu. Na musikie vizuri: ule mupya alifanya kila kitu sawasawa. Hakuiacha planshi. Alikunja tanga ku mulingoti, akalaza juu ya planshi, akalala juu yake akaanza kupiga mikono. Mimi mwenye kumufundisha nilikuwa nimesimama mu boti tupu natukana moteri. Simu ilikuwa imebaki na asilimia chache, zingine zilikwenda ku picha, na reseau ya simu inakuja inapotea.

Nilibasikia kabla ya kubaona. Bavuvi ba sambaza, ile mitumbwi mitatu inafungwa pamoja na miti mirefu, banapiga kasia na banaimba kwa kupokezana, banaenda kuwasha taa zao za usiku. Bakamuchukua kijana kwanza, halafu bakanifikia mimi, bakanitupia kamba. Mzee mumoja akaniuliza, "Esansi ilienda wapi?" Nikamujibu, "Ilivuja, papa."

Akainama, akanusa tanki, akaangalia chini ya boti, kukavu. Akanyoosha kichwa upande wa kisiwa, akasikiliza kidogo. Akasema, "Muziki tunausikia toka huku."

Hakuna aliyecheka. Bakatuvuta mpaka ufukweni, bakapoteza saa zao nzuri za kwanza, pesa yangu bakaikataa na kusema kesho klabu inunue mavuno yote kwa bei yao. Tulinunua. Bei ilikuwa ya adabu, maana yake ilitufundisha adabu.

Lakini hiyo siyo ile inauma. Inayouma ni Jumapili ku porti. Mama ya ule mupya alikuwa pale anangoja, mutu alikuwa ameshamupigia simu. Akanishika mikono yote miwili, ile yenye ngozi imetoka, akaiangalia, akasema, "Asante mutoto wangu, Mungu akubariki kwa kuniokolea mutoto." Kijana alikuwa nyuma yake amebeba tanga. Akaniangalia. Nikasema, "Hakuna shida, mama." Nikaipokea ile asante yote nikaenda nayo nyumbani, na mpaka leo sijairudisha.

Yule kijana njo leo anashika ufunguo wa esansi. Bidoni ya akiba aliipaka rangi nyekundu, ina munyororo, na mimi hata litre moja hanipi bila karatasi ya presida. Musimubembeleze. Musinitume mimi nimubembeleze.

7. Kulala nje. Hema halipigwi mu shimo, hata kama shimo ni nzuri na linakinga upepo. Sake, Bulengo, mpaka hapa Himbi kuna mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inatoka chini ya ardhi, ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inalala kwenye mabonde madogo, haina rangi, hauinusi, na usiku usio na upepo njo mubaya zaidi. Ukiona ndege ao mbuzi amekufa mahali pa chini bila kidonda, usishuke kuangalia. Mwenzako akianguka mule usimukimbilie kichwa kichwa, mutakuwa babili. Waulizeni benyeji wa pale kila mara, hata kama ulilala hapo mwaka jana.

Na bale banaokuja kuniuliza kila safari kama ziwa litalipuka: ndiyo kuna gesi, nyingi sana, methani na kaboni, lakini imelala chini kabisa mu ziwa lenye kina cha karibu mita 480, pezi lako lina sentimita 40. Haliifikii. Panda planshi.

8. Nyavu za bavuvi ni pesa ya shule ya batoto ba mutu. Usipite katikati ya mitumbwi iliyofungwa, pita mbali nyuma, na salimia. Najua munaona mimi nasalimia kwa nguvu kuliko bote, sasa munajua sababu.

9. Viatu vya maji, mununue. Lava haisamehe.

10. Michango. Nilitaka kuandika ya kumi kuhusu hanesi, ule mukanda wa kujishikiza ku wishiboni, ila hakuna kati yenu amefika huko, basi tuongee pesa. Michango ya safari inalipwa mpaka Alhamisi. Mama anayetukaangia sambaza anaenda sokoni Ijumaa asubuhi na ananunua kwa hesabu ya benye kulipa, siyo ya benye kuja. (Hao sambaza nao ni bageni, baliletwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na balizoea hili ziwa haraka kuliko nyinyi.) Ukilipa Jumamosi ukifika, utapewa bugali, na supu kama imebaki. Binamu ni michango yake mwenyewe. Shemeji pia. Na mutu wa bafle mwaka huu aje na betri.