Nakala ya hukumu ya talaka iliyopotea

Pole dada. Umesema ndoa ilivunjwa Mahakama ya Mwanzo mwaka 2014, karatasi zote zimepotea, na sasa shemeji zako wanadai nyumba haikuhusu kwa sababu hukuwa na kazi.

Usihangaike kutafuta mtandaoni. TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, utakuta zaidi hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Jalada la kesi yako ni la makaratasi, na liko masjala, yaani ofisi ya mahakama inayotunza majalada. Nenda mahakama ileile iliyosikiliza shauri, na barua fupi ya kuomba nakala ya hukumu iliyothibitishwa, yaani yenye muhuri na sahihi. Andika majina ya wadaawa, yaani wewe na aliyekuwa mumeo, kama yalivyoandikwa siku ile. Mama yangu mdogo alizungushwa wiki mbili kwa sababu aliandika "Mwanaidi" na kitabuni yeye ni "Mwanahidi"! Namba ya shauri huikumbuki? Taja mwaka, karani afungue rejista. Kila unacholipa, dai risiti.

Kuhusu nyumba, kwanza soma hukumu yenyewe iligawa nini. Ila hilo la "hukuwa na kazi" lisikutishe. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaangalia mchango wa kila mmoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kupika, kufua na kulea ni mchango. Si lazima uwe na hati ya mshahara.

Ukishaipata nakala ya hukumu, toa kopi tatu kabla hujampa mtu yeyote.