Kilti harusini: koti au fulana?

Mkuu, umeuliza kama kwenye harusi ya Edinburgh kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, lazima iende na koti, au fulana inatosha. Fulana na buti ni za mpirani na baa. Waskoti wenyewe huvaa hivyo na hakuna anayeshangaa. Harusini mchana vaa koti la twidi (kitambaa kizito cha sufu) na tai ya kawaida. Lile koti fupi jeusi liitwalo Prince Charlie, pamoja na tai ya kipepeo, ni la usiku, ingawa maharusi wengi siku hizi hulivaa hata mchana. Kibegi kinachoning'inia mbele ya kilti: cha ngozi mchana, cha manyoya usiku.

Marinda yakae nyuma! Niliwahi kumwona mgeni kayaleta mbele, kila akikaa anayapanga upya. Pindo liishie gotini. Soksi nyeupe, mimi hapana.